Usiniambie Asante

Jumapili usiku, Agosti

Asubuhi ya leo kulikuwa na ukungu tena. Nilipoingia jikoni kwa Mamaw saa moja kasoro alikuwa ameshaamka, chupa ya kioo iko mbele yake mezani. Kila siku ya Agosti inayoamka na ukungu anatia harage moja ndani ya chupa: ukungu mzito, harage kubwa, ukungu mwepesi, harage dogo. Mwezi ukiisha tunayamwaga mezani na kuyahesabu, na idadi hiyo ndiyo mara theluji itakazoanguka majira ya baridi. Mpaka leo yako saba, matatu makubwa. La leo alinipa nilitie mimi. Alisema mikono imemchoka, lakini nadhani alitaka tu na mimi niwemo.

Namhudumia nyumbani kwake siku nne kwa wiki, kwenye vilima vya kaskazini ya Knoxville, Tennessee, katika milima ya Appalachia. Ana miaka 91. Wajukuu wanamwita Mamaw, ndivyo bibi anavyoitwa huku, na mimi namwita hivyo hivyo. Kwenye ratiba ya kazi wameandika jina lake la kwanza, ila mwanamke anayemzidi mama yangu umri siwezi kumwita jina tupu, ulimi unakataa. Wazazi wake walitoka kwenye bonde la mto Clinch, ambalo sasa ni ziwa. Bwawa la Norris lilipojengwa, kati ya 1933 na 1936, familia kwa maelfu zilihamishwa, na makaburi nayo yakafukuliwa yakahamishwa. Yeye alikuwa mtoto wa kubebwa. Shamba la babu yake liko chini ya maji, lakini namna ya kulilima bado anayo kichwani.

Kilichonifanya nianze kumwandika ni jani.

Dirishani kwake pamepangwa vikopo sita vya ua moja ambalo wazee wengi huku wanalipenda: ua dogo la zambarau, majani mazito yenye manyoya kama sikio la mwana-mbuzi. Jina lake la Kimarekani linataja Afrika, na wengi hawajui ni Afrika ipi. Mimi najua. Kwetu ni Muheza, na nikiwa darasa la sita tulipelekwa matembezi Amani, msituni, nikaliona limeota lenyewe kwenye mawe yenye unyevu kando ya kijito. Ni ua la milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala kule enzi za ukoloni, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892, na kutoka hapo likasambaa duniani hadi dirisha hili. Nilipomsimulia Mamaw alinyamaza kitambo. Kisha akakata jani moja kwa ukucha, akalifunga kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, akanipa.

Nikasema asante. Akaninyang'anya.

"Hapana, mwanangu. Mmea ukiupokea kwa asante hauoti."

Akaliweka mezani, akageuzia uso dirishani. Ikabidi nilichukue kimya kimya kama mtu anayeiba. Na mimi nililelewa na bibi ambaye ukipewa kikombe cha maji usishukuru, siku nzima unaitwa mtovu wa adabu. Hiyo ilikuwa Machi mwaka jana. Jani lile sasa limetoa vijimea vinne kwenye kopo la siagi.

Usiku ule ule nilinunua daftari. Tangu hapo naandika kila anachosema. Mwanamke apigaye mluzi na tembe awikaye, mwisho wao si mwema. Ndege akiingia ndani, nyumba itatoa maiti. Mtu akifa, saa ya ukutani isimamishwe na vioo vifunikwe. Kitambaa cha kuoshea vyombo kikianguka, njiani yuko mgeni mwenye njaa. Toka kwa mlango ulioingilia. Usifagie baada ya jua kuzama.

Hapo niliweka kalamu chini. Usifagie usiku! Nimelikuta neno la bibi yangu Muheza kinywani mwa mwanamke aliyezaliwa kwenye mto Clinch. Bibi alisema ukifagia usiku unafagia riziki, na duka la jirani halikuuza sindano baada ya magharibi hata ungelia. Sisemi kwamba vyote vimepikwa chungu kimoja. Milima hii iliingiwa na watu wa Uskoti na Ulster ya Ireland, Waingereza na Wajerumani, wakawakuta wenyeji, Wacherokee, na Waafrika wakaletwa kwa utumwa; banjo, ala ya nyuzi ambayo leo mtu akiisikia anaifikiria milima hii, asili yake ni mikono ya Waafrika hao. Nani alimfunza nani kuficha ufagio, sitaki kubuni. Nilifurahi tu, furaha ya kumkuta ndugu kituo cha basi cha ugenini.

Kitu kingine kilichonishika ni kalenda yake ya jikoni. Ina picha ya mtu, na kila kiungo cha mwili kimepewa nyota yake: Kondoo kichwani, Ng'ombe shingoni, Mapacha mikononi, hivyo hivyo hadi Samaki miguuni. Kila siku ya mwezi imeandikwa ishara iko wapi. Maharage hupandwa ishara ikiwa mikononi. Mazao yanayozaa juu ya ardhi hupandwa mwezi ukikua, yanayozaa chini hupandwa mwezi ukipungua. Siku za nyota ya Mashuke usipande chakula, utavuna maua. Majina haya nilikua nikiyasikia kwa wazee wa falaki wa Tanga, Hamali na Thauri na Jauza, waliofungua vitabu vyao kabla mtu hajaoa au kusafiri. Sikutegemea kuyakuta yamening'inia kando ya friji. Lakini viazi Mamaw huvipanda Ijumaa Kuu, ishara ikubali ikatae. Nilimuuliza inakuwaje. Akanijibu kwamba siku ile haiulizi nyota ruhusa.

Kuna ukurasa mmoja katika daftari ambao una kichwa cha habari peke yake: "Kutoa moto". Mjomba wake alikuwa na kipaji hicho. Mtu akiungua aliitwa yeye, naye alipuliza palipoungua na kunong'ona maneno, maumivu yakaondoka. Mamaw akiwa na miaka sita aliegemea jiko la kuni kwa kiganja kizima. Amenionyesha kiganja hicho mara nyingi, ananishika kidole anakipitisha juu ya ngozi ili nijionee kwamba hakuna kovu. Mjomba alipozeeka alimfundisha yeye, kwa sababu mwanamume humpa mwanamke, na mwanamke humpa mwanamume, hivyo tu ndivyo inavyopita. Ukiyasema maneno hovyo nguvu inakutoka. Ya kuzuia damu yanajulikana na wengi, ni Ezekieli sura ya 16 aya ya 6, yule aliyegaagaa katika damu yake akaambiwa aishi. Hayo alinipa bila shida, maana Biblia ni ya wote. Ya moto hanipi. Mimi ni mwanamke.

Mwanawe wa kiume hakuyataka. Sasa ni marehemu.

Nimefikiria sana ukurasa huo. Ningeweza kumbembeleza. Kuna siku akili yake inapotea njia na najua angeniambia lolote, na ndiyo maana siku hizo simuulizi kabisa. Yeye akiungua leo nitamweka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na akitaka kunong'ona wakati huo nitasogea pembeni anong'one. Kuna watu watasema maneno hayo yatazikwa naye na lawama ni yangu. Naona siri hiyo ndiyo mila yenyewe. Ukiipata kwa hila, ulichoandika ni kitu kingine.

Si mimi wa kwanza kukusanya, wala siwezi kujilinganisha na waliotangulia. Frank C. Brown wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, alikusanya kwa zaidi ya miaka 30, akafa 1943 kabla ya kuona kazi yake ikichapishwa. Ilitoka kati ya 1952 na 1964, vitabu saba, viwili vya mwisho ni imani za watu tupu. Mwaka 1966 wanafunzi wa sekondari katika kaunti ya Rabun, Georgia, walianzisha jarida la Foxfire, wakaenda kuwahoji wazee wa kwao wenyewe: namna ya kujenga nyumba ya magogo, kuchinja nguruwe, kupanda kwa ishara. Wale watoto nawapenda zaidi. Vitabu vya Duke ni hazina, ila imani zimepangwa kwa namba kama wafungwa kwenye foleni, na huwezi kujua aliyesema alikuwa anacheka au analia. Wanafunzi wa Georgia waliandika na kazi iliyokuwa mikononi mwa mzee.

Na hata kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kupotea. Kule Whitesburg, Kentucky, Appalshop, kituo cha filamu na sanaa, wamekuwa wakirekodi watu wa milimani tangu 1969. Julai 2022 mafuriko yaliingia hadi kwenye hifadhi yao, kanda za miaka mingi zikakutwa zimejaa matope. Niliposoma habari hizo nililipiga daftari langu picha, ukurasa kwa ukurasa, nikazituma kwa dada yangu Tanga.

Mamaw alinieleza kwamba shuleni mwalimu aliwachapa kwa kusema kama nyumbani. Watu wa milimani walichekwa kwa lafudhi, kwa miguu mitupu, kwa imani zao. Basi akawalea wanawe waseme "vizuri", na misemo ikabaki yake na dada zake. Sikuhitaji kueleweshwa. Sisi Wabondei tulivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama.

Siku hizi majina ya watoto yanampotea. Juzi aliniita kwa jina la dada yake, nikaitika. Lakini misemo haijapotea hata mmoja. Nikimuaga hanijibu "kesho". Ananijibu Mungu akipenda na kijito kisipofurika. Kama mtu asemavyo inshallah, ila na kijito ndani yake, kwa sababu walikaa ng'ambo ya kijito.

Wiki iliyopita nilimrekodi kwenye simu, kama dakika 40, nikamtumia mjukuu wake wa kiume aliyeko Ohio. Nilitegemea atauliza habari za ndege na vioo. Alipiga usiku, sauti nzito.

"Alikuwa anavunja maharage?"

Nilikuwa sijatambua kwamba inasikika. Ndiyo, tulikuwa tunavunja maharage mabichi: unakata ncha, unavuta uzi wa ubavuni, unayatunga kwa sindano na kuyatundika karibu na jiko mpaka yakunjamane kama ngozi. Baridi ikija yanachemshwa saa nyingi na nyama ya nguruwe. Mimi nguruwe sili, ila kutunga nimejua. Mjukuu alisema ameisikiliza tena na tena kwa ajili ya ule mlio wa maharage kukatika. Kisha akauliza kama bibi bado ana ya moto. Nikamwambia anayo. Anakuja Oktoba.

Nilipokata simu nilifungua daftari tangu mwanzo na kuanza kuongeza, kando ya kila neno, alikuwa akifanya nini aliposema. Mluzi: alikuwa akikunja shuka. Mgeni mwenye njaa: alikuwa akimngoja daktari. Mengine nimeshasahau, na nimeumia.

Halafu nikampigia mama, Muheza kukiwa kunapambazuka. Nikamuuliza bibi alipotukataza kufagia usiku alikuwa akifanya nini. Mama alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Alikuwa akishona," akasema. "Na kibatari chetu kile, unakijua. Sindano ilikuwa moja tu, naye ameidondosha chini."