Nilivyolegeza usumaku wa Co₃Sn₂S₂ kwa indiamu

Co₃Sn₂S₂ ni fuwele ya kobalti, bati na salfa. Niliambiwa kipande chake kikinaswa na sumaku ya kawaida mezani, basi fuwele imetoka vizuri. Si kweli! Co₃Sn₂S₂ huwa sumaku chini ya kelvini 177 tu, yaani kama nyuzi 96 chini ya sifuri. Kikinaswa mezani, hiyo ni kobalti ambayo haijaungana; kirudishe tanurini.

Kila atomu ya indiamu, metali laini, ikikalia nafasi ya bati, elektroni moja inapungua. Usumaku hulegea hivyo hivyo, hadi Co₃InSnS₂ hauna kitu. Mimi nilitaka Co₃Sn₁.₈In₀.₂S₂, maana athari ya Hall isiyo ya kawaida (volteji ya kukingama mkondo wa umeme, inayoletwa na usumaku wa fuwele yenyewe) hukua zaidi kwa indiamu kidogo, karibu 0.15 katika fomula, ingawa usumaku wenyewe tayari unashuka. Kwa gramu 5: kobalti 1.851, bati 2.237, indiamu 0.240, salfa 0.671. Indiamu hukatika kwa wembe.

Mrija wa kwanza wa kwotsi, uliofungwa na mchanganyiko huo ndani, niliupeleka nyuzi 1000 moja kwa moja, kama nilivyoshauriwa. Salfa huchemka nyuzi 445. Kobalti ilikuwa haijala hata robo yake, mvuke ukakosa pa kwenda, kwotsi ikapasuka, na tanuri likanuka wiki nzima. Siku hizi nakaa nyuzi 400 siku mbili, napanda taratibu hadi 1050, nasubiri saa 24, nazima. Donge nalisaga, nalifunga upya kwenye mrija usio na hewa, nalirudisha 1050, ndipo nashuka nyuzi 2 kwa saa hadi 800.

Taabu kubwa ni kujua indiamu imeingia kiasi gani. Ina elektroni 49, bati 50. Eksirei za kuchunguza muundo zinawaona pacha. Hata chini ya darubini ya elektroni, ambako kila elementi hutambuliwa kwa mistari ya eksirei inazotoa, mstari wa Lβ wa indiamu (keV 3.49) hulalia Lα wa bati (3.44).

Kwa hiyo usumaku wenyewe ndio kipimo changu. Nakata vipande vinavyolingana juu, katikati na chini ya donge, pamoja na kimoja kisicho na indiamu. Naviweka ndani ya mrija mkavu wa kioo uliozibwa, nautumbukiza kwenye nitrojeni ya kimiminika, kisha nautoa na kubandika sumaku ya neodimiamu kwa nje. Vyote vinanasa. Vikianza kupata joto, chenye indiamu nyingi hudondoka kwanza, kisicho nayo mwisho kabisa. Mara ya kwanza sikuziba mrija: barafu ikavigandisha vyote ukutani, nami nikashangilia bure, nikidhani nimepandisha usumaku.

Vya juu na chini vikipishana sana, donge halina mchanganyiko sawa, nami nachukua katikati tu. Hicho ndicho kinachokwenda kwenye magnetomita, chombo cha kupima usumaku, uga mdogo wa sumaku ukielekezwa kwenye mhimili c, yaani wima kwa tabaka za fuwele. Ukiona mchoro wa usumaku dhidi ya joto una ngazi ya pili karibu na kelvini 120, usiisingizie indiamu. Shuku kwanza CoS₂, kiwanja kingine cha kobalti na salfa ambacho nacho huwa sumaku.