Kutengeneza Ziwa Tanganyika ndani ya boksi la kioo

Niko likizo Kigoma, kwa mama mdogo, pale Mwanga. Muhula uliopita tulisoma jiolojia ya utangulizi, na Bonde la Ufa nililikariri vizuri: ganda la dunia linavutwa pande mbili, katikati panadidimia, maji yanajaa, basi, ziwa. Niliandika hivyohivyo kwenye mtihani na alama nikapata. Siku niliyoshuka treni nikasimama kulitazama ziwa, nikagundua kuna swali dogo siwezi kulijibu. Kitu kikivutwa kinakatika. Sasa kwa nini hiki kimezama?

Nikaamua kulitengeneza mwenyewe, kwa mchanga.

Siku ya 1 hadi ya 3. Fundi wa alumini alinikatia vipande vya vioo vilivyobaki kwenye kazi zake, tukapata boksi la sentimita 60 kwa 20, halina mfuniko. Ukuta mmoja wa upande mfupi haujagundishwa, unateleza. Nyuma yake nimefunga bolti ndefu ya spana 17. Ukizungusha nati mara moja, ukuta unarudi nyuma milimita moja na nusu. Chini nimetandika filamu mbili za eksirei za zamani, moja imelalia nyingine kidogo katikati. Moja imeshikwa na boksi, ya pili imeshikwa na ukuta unaotembea. Mchanga ukikaa juu yake, unavutwa kutokea chini.

Siku ya 4. Nimeharibu. Nilichota mchanga Kibirizi asubuhi, nikaujaza vilevile na unyevu wake. Nilipozungusha nati ukapasuka wima, ufa mmoja mwembamba, kuta zikasimama kama za kisima. Hakuna kilichozama hata punje. Mchanga wenye maji hushikana, na mchanga ulioshikana una nguvu nyingi mno kwa kimo kidogo kama hiki. Ardhi yenye unene wa kilomita nyingi haiwezi kusimama wima namna ile, uzito wake wenyewe ungeiangusha.

Siku ya 5 hadi ya 8 ni kuanika tu. Nilitandaza mchanga juu ya turubai uani, nikachekecha kwa chekecheo la unga (nimelinunua jingine, msiniulize kwa nini). Mama mdogo alipita, akauangalia, akaniangalia na mimi. "Mwanangu, ada yote ile ndiyo hii, kuchezea mchanga?" Nikamwambia ni maabara, mama. Akaguna, akaenda kugeuza dagaa zake.

Siku ya 10. Imekubali! Nilipanga tabaka sita za mchanga mkavu, kila tabaka nikainyunyizia juu vumbi la mkaa ili mistari ionekane kwenye kioo. Mzunguko wa kwanza wa nati, kimya. Wa pili, kimya. Wa nne, mistari ya mkaa ikakatika sehemu mbili kwa mpigo na katikati pakashuka taratibu. Nilibaki nimeinama pale mpaka mgongo ukauma.

Nilipima mipasuko kwa protrakta ya hesabu: mmoja digrii 61, mwingine 58. Hapo ndipo swali langu lilipojibiwa. Mipasuko haisimami wima, imeinamiana, kwa hiyo kipande cha katikati ni kipana juu na chembamba chini. Ni kabari. Aliyewahi kupasua gogo anajua: kabari ikiwa ndani na ufa ukapanuka, kabari inazama yenyewe. Hakuna aliyeisukuma.

Siku ya 11 hadi ya 14. Furaha ilikatwa na jambo moja. Mchoro wa kwenye notisi zangu una kuta mbili zinazofanana, kulia na kushoto, sakafu bapa katikati. Boksi langu lilishuka milimita 21 upande mmoja na 8 upande wa pili, sakafu imelala upande kama kitanda kilichovunjika mguu mmoja. Nikalaumu boksi. Nikalaumu filamu, nikalaumu meza. Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu nikaweka bolti upande wa pili pia ili nivute sawasawa. Ikawa na nafuu, lakini bado imelala.

Nilipoanza kusoma zaidi ya notisi nikakuta kwamba miaka ya 1980 watafiti wa Marekani, kwenye mradi ulioitwa PROBE, walipita juu ya Ziwa Tanganyika wakituma mawimbi ya sauti chini ya sakafu yake na kusikiliza yanavyorudi. Walichokiona ni kitanda changu. Sehemu kubwa ya ziwa si bonde lenye kuta mbili pacha, ni mfululizo wa nusu-bonde: upande mmoja una mpasuko mkubwa uliobeba karibu kazi yote, upande wa pili sakafu inapanda polepole. Ukisogea kutoka kaskazini kwenda kusini, mpasuko mkubwa unahama, mara uko Kongo, mara uko kwetu. Sababu zake ardhini ni nyingi kuliko za boksi la kioo, hilo nalikubali. Lakini siku tatu zile nilikuwa nikipambana kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Siku ya 15, hesabu. Ziwa lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Nikichukua sentimita moja kuwa kilomita moja, kina chake kikubwa cha mita 1,470 ni sentimita moja na nusu tu! Ila maji yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu iko kama mita 700 chini ya bahari, na chini ya sakafu hiyo kuna kilomita kadhaa za mashapo yaliyoletwa na mito kama Malagarasi. Na ule mzunguko mmoja wa nati ni mita 150. Ardhi ikiachana milimita mbili kwa mwaka, nimezungusha miaka 75,000 huku nakunywa chai.

Si kwamba inaachana kimyakimya. Mama mdogo anaikumbuka alasiri ya tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 chini ya ziwa. Anasema mabati yalilia kwanza, watu wakatoka nje baadaye.

Siku ya 17. Nilitaka mashapo ndani ya bonde, nikawa namwaga chumvi laini ya Uvinza kila baada ya mizunguko miwili, maana ni nyeupe na inaonekana. Ikapendeza, nene upande wa mpasuko mkubwa, inakonda kuelekea upande wa pili. Kioo huwa kinakwaruza mchanga na kuharibu sura ya pembeni, kwa hiyo ili kuona ndani lazima uulowanishe polepole kisha uukate kwa kisu cha mkate. Nikalowanisha. Chumvi. Na maji. Mashapo yote yakayeyuka mbele ya macho yangu, na mwanafunzi wa jiolojia ndiye mimi.

Siku ya 19. Nimerudia kwa unga wa muhogo, nimekata, kabari imetoka safi na picha ninayo. Kinachofuata ni Tabora. Pale chini kuna mwamba mkongwe, matale (graniti) ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, mgumu kiasi kwamba Bonde la Ufa lilipofika lilizunguka, mkono mmoja mashariki, mwingine huku kwetu. Nimeshapata tofali la kuzika katikati ya mchanga. Boksi la sentimita 20 ni jembamba mno kwa kazi hiyo, fundi ameniambia nirudi Jumatatu.