Kikapu cha Simu

Tulipiga kura Jumapili, tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake Goma, mashariki mwa Kongo, ikaamka haina intaneti, na meseji za kawaida nazo hazitoki. Barnabé Kikaya bin Karubi, mshauri wa Rais Kabila, alieleza kwamba imezimwa kwa ajili ya usalama, maana matokeo ya uongo yalikuwa yameanza kusambazwa mitandaoni. Kumbe uvumi hauhitaji mega. Kufika saa sita mchana, mtaani kwetu kila mgombea alikuwa ameshashinda.

Shangazi hakuwa na habari na mshindi. Kontena lake la vitenge lilikuwa Mombasa, na karatasi za kulitoa zilikuwa zinakuja kwa WhatsApp.

"Chukua simu yangu, uvuke mpaka uende Gisenyi," akaniambia.

Majirani waliposikia, nao wakaleta zao. Rwanda hairuhusu mifuko ya plastiki, basi nikazipanga kwenye kikapu, kila simu imefungwa kwa mpira na kikaratasi chenye jina la mwenyewe na namba ya siri.

Petite Barrière, kituo cha mpakani, foleni ilikuwa ndefu. Ebola ilikuwa Beni, mkoani kwetu, kwa hiyo kila mtu ananawa maji ya klorini na kupimwa homa kwanza. Askari wa upande wetu akachungulia kikapu.

"Unauza simu?"

"Hapana, chefu. Za majirani. Wanataka kusoma ujumbe wao tu."

Akachagua moja. Namba ya siri hakuhitaji kuniuliza, ilikuwa hapo hapo kwenye kikaratasi. Akaingia kwenye picha: pilau ya Noeli, mtoto na viatu vipya, halafu karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni pa chumba cha kupigia kura.

"Na hii?"

Nikamwambia ilibandikwa hadharani, kila mpita njia aliisoma. Miguu haikuwa yangu. Yeye akaikuza kwa vidole viwili, akasoma tarakimu moja moja huku midomo ikimchezacheza. Kwetu askari na polisi hawapigi kura.

"Ya mtaa wa Birere unayo?" akauliza kwa sauti ya chini.

Sikuwa nayo. Akaifuta ile picha, akanipa simu, akaita mtu wa nyuma yangu.

Ng'ambo nilitia kadi ya Rwanda, nikawasha hotspoti, na kikapu kizima kikaanza kulia. Ndugu wa Nairobi, wa Brussels, wa Kampala, wote swali moja: mko salama? Niliwajibu wale niliojua cha kuwajibu. Karatasi za shangazi zilikuwemo, nikazipeleka kwa wakala wake palepale.

Intaneti ilirudi karibu wiki tatu baadaye, wikendi ile Mahakama ya Katiba ilipomthibitisha Félix Tshisekedi. Shangazi alishatozwa pesa za kontena kulala bandarini, na mpaka leo ukimtajia uchaguzi ule atakuuliza hiyo hasara akamdai nani.