Kebo moja tu nyuma ya TV ya ukutani: nilivyofanikiwa

Ukisimama mbele ya TV yangu huoni waya hata mmoja. Imekaa ukutani kama picha iliyotiwa fremu. Risiva ya sauti (mashine inayoendesha spika), kichezeshi cha diski za Blu-ray, king'amuzi na mashine ya michezo vyote viko ndani ya kabati kwenye ukuta wa pembeni, na kati ya kabati na TV inapita kebo moja ya HDMI, ile inayobeba picha na sauti pamoja, basi. Imenichukua majuma mawili kufika hapo, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa kuwasikiliza watu wanaosema kwa uhakika mambo ambayo hawajawahi kuyafanya.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa fundi aliyenitundikia TV: kila chombo kiende kwenye TV kwa kebo yake, halafu kebo ya mwanga, inayobeba sauti tu, irudishe sauti kwenye risiva. Hesabu mwenyewe. Kebo tatu za kwenda, moja ya kurudi, zote ndani ya ukuta! Na risiva ina kazi gani basi? Nyuma yake kuna matundu ya HDMI ya kuingizia, kila chombo unakichomeka pale. Sauti inaishughulikia yenyewe na kuipeleka kwenye spika, picha inaipeleka kwenye TV kupitia tundu la kutolea. Ukitaka kutoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye michezo, unabadili kwenye risiva.

Umeme sikuugusa. Nilimwita fundi umeme akaweka soketi nyuma ya TV. Usikubali mtu akufukie waya wa ekstensheni ukutani, hata akikuambia nyumba yake yote iko hivyo.

Kasheshe ilikuwa kwenye paipu. Yule fundi wa kwanza aliniachia paipu la plastiki ndani ya ukuta, lakini alilipa kona mbili kali za nyuzi 90. Kichwa cha HDMI pamoja na ganda lake kina upana wa karibu sentimita mbili, na ni kigumu, hakijikunji. Kilifika kona ya kwanza kikagoma. Nikasukuma kwa waya mgumu, nikavuta, nikasukuma tena, saa nzima, mpaka ganda likapasuka na kebo mpya ikawa ya kutupwa. Niliumia sana. Kesho yake nikabomoa plasta sehemu mbili, nikazitoa zile kona na kuweka mikunjo mirefu inayopinda taratibu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo ninalojivunia kuliko yote. Kupitisha kamba kwenye paipu lenye mikunjo ni kazi ya kukesha. Mimi nilichukua uzi mwembamba wa nailoni, nikaufunga kwenye kipande cha mfuko laini wa plastiki nilichokikunja kikawa kama gololi kubwa, nikakitia kwenye mdomo wa paipu nyuma ya TV. Upande wa kabati mke wangu alishika bomba la mashine ya kufyonza vumbi, akalizungushia kitambaa ili hewa isivuje pembeni. Alipowasha tu, uzi ukaanza kunikimbia vidoleni. Nilikuwa bado naushangaa nikasikia anaita, "Umeshafika huku!" Hazikupita sekunde kumi. Uzi ukavuta kamba nene, na kamba nene ndiyo iliyovuta kebo. Kamba niliifunga kwenye mwili wa kebo, nyuma ya kichwa, ili nguvu za kuvuta zisiishie kwenye kichwa. Halafu nikaviringisha selotepu kuanzia mbele mpaka pakawa na umbo la ncha, na nikapaka poda. Pamoja na kebo nikavuta kamba nyingine ya akiba ibaki humo humo.

Kebo hiyo ya pili ilikuwa ya shaba, mita 10. Kuna mtu alikuwa ameniambia waya ni waya, nunua wowote. Kwa picha ya 1080p, yaani Full HD, ilikwenda vizuri kabisa. Nilipoweka 4K, yenye nukta mara nne ya hiyo, ya fremu 60 kwa sekunde, skrini ikawa inazima na kuwaka kila baada ya muda mfupi. Picha ya aina hiyo inaweza kuhitaji hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na shaba ya kawaida huanza kulegea ukivuka mita tano hivi. Kwa urefu wangu nilitakiwa kununua kebo ya nyuzi za mwanga, ile yenye vifaa vidogo vya kielektroniki ndani ya vichwa vyake. Ni ghali, mara kadhaa ya ile ya shaba, lakini ningeinunua mwanzoni ningeokoa hela ya kebo mbili.

Nikaivuta kwa ile kamba ya akiba, nikachomeka, nikawasha. Giza. Nikabadili matundu, nikazima kila kitu na kuwasha tena, giza vilevile. Nilikuwa karibu kuirudisha dukani ndipo nikaona maandishi madogo kwenye kichwa kilichokuwa nyuma ya TV: "Source". Kebo hizi zina mwelekeo! Upande mmoja ni wa chombo kinachotoa picha, wa pili ni wa skrini, na mimi nilikuwa nimeigeuza. Nikaitoa yote na kuivuta upya. Tangu siku hiyo kebo yoyote naijaribu ikiwa imelala sakafuni kwanza, ndipo iingie ukutani.

Picha ikatulia, lakini sauti ya programu zilizo ndani ya TV yenyewe ikawa inatoka kwenye vispika vyake vidogo. Jamaa mmoja akasema hapo lazima niongeze kebo ya mwanga ya sauti. Si lazima hata kidogo. Tangu HDMI 1.4 ya mwaka 2009 kuna ARC, sauti inarudi kwenye risiva kwa kebo ile ile. Inabidi utumie tundu la TV lenye maandishi ARC, na uwashe CEC, mfumo wa vyombo kuamrishana kupitia HDMI, pande zote mbili. Mara nyingi CEC huikuti kwa jina hilo: Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony wanaiita Bravia Sync. Na ukinunua kebo ndefu kama yangu, hakikisha inapitisha ARC.

Hata hapo spika za nyuma zilikaa kimya siku mbili. Kumbe kwenye menyu ya sauti TV ilikuwa imewekwa PCM, sauti isiyobanwa, na kwa ARC hiyo hupeleka chaneli mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Nikaiweka Auto, risiva ikaandika Dolby Digital, sauti iliyobanwa ya spika nyingi, na mvua ya kwenye filamu ikanyesha mgongoni kwangu. Nilisimama katikati ya chumba nikicheka peke yangu.

Kilichobaki ni midomo kuchelewa nyuma ya maneno, kwa sababu TV hutumia muda kuichakata picha. Kwenye risiva kuna sehemu ya kuichelewesha sauti. Nilipandisha kidogo kidogo huku nikimwangalia msoma habari, nikaishia milisekunde 80. Ile kamba ya akiba niliivuta upya pamoja na kebo ya mwisho, na bado imo ndani ya paipu, imefungwa fundo kila upande.