Mpwani Tukuyu: nilivyoenda kufundisha watoto kiingereza kwenye mvua

Nilipowaambia watu wa nyumbani naenda Tukuyu, mji wa mkoa wa Mbeya huko Tanzania, kufundisha kiingereza walicheka, mjomba akaniuliza kwani walimu wa huko wameisha, nikamwambia mjomba kazi ni kazi, shule imenipigia yenyewe, na hapa Mombasa nimesota vya kutosha na cheti changu cha ualimu wa chekechea kwenye zile shule za mtaani ambazo mshahara unaupokea kwa mafungu kama deni la dukani. Mama yeye hakucheka, aliuliza tu huko kuna baridi? Nikamwambia Tanzania si ni Tanga na Dar mama, baridi itoke wapi.

Mimi ni wa Likoni, ng'ambo ya kivuko upande wa kuelekea Tanzania, kwa hivo feri haikunihusu, basi la Dar nilidandia upande wetu huku huku. Pale Horohoro mambo ya mpaka yako kwenye jengo moja, unagongewa mhuri wa kutoka Kenya, unasogea dirisha la pili wanakugongea wa kuingia Tanzania, kadi ya homa ya manjano uwe nayo mkononi. Nikabadilisha hela, shilingi moja ya kwetu ilikua inakaribia 20 za huku, nikapewa bunda nikajiona bonge la tajiri, utajiri wenyewe uliisha Dar kwa binamu yangu Magomeni baada ya kununua tiketi na kula mara mbili.

Safari yenyewe sasa ni ile ya Dar kwenda Mbeya. Unatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, kilomita zaidi ya 800, na usidanganywe na mtu eti utafika jioni mapema. Chalinze, Morogoro, halafu Mikumi barabara inakatiza ndani ya mbuga kabisa dereva anapunguza mwendo manake ukigonga mnyama faini yake utaisikia, twiga wako pale kando wanatafuna tu hawana habari na nyinyi, mimi natoa simu napiga picha jirani yangu mama mmoja wa Mafinga kalala, keshawaona mpaka kachoka. Ruaha Mbuyuni joto la kufa mtu, mibuyu, vitunguu vya kuuziwa dirishani, nikasema moyoni mbona huku kama kwetu tu, walonitisha na baridi walikua na lao.

Bas, kumbe ndo tunafika Kitonga. Mlima ule ukiupanda na basi lililojaa huku mbele lori la Zambia limebeba sijui nini linapanda polepole na upande mmoja korongo, nilimaliza kila aya ninayoijua. Juu kule konda akafungua mlango watu wakachimbe dawa na ule upepo ulivoingia nikajua nimeingia nchi nyingine. Kuanzia Iringa pale Ipogolo mpaka Mafinga watu wamevaa makoti kabisa, makoti ya mitumba yale mazito, misitu ya misindano pande zote, na mimi na dera langu na mtandio. Yule mama wa Mafinga kabla hajashuka akaniangalia akasema mwanangu unaenda wapi hivyo? Nikamwambia Tukuyu. Akatoa kitenge kwenye mfuko wake akanipa, akasema Tukuyu wewe hukuambiwa, chukua. Hakutaka hata hela. Jina lake sikulishika.

Uyole nilifika usiku, nikalala gesti, asubuhi nikapanda kosta. Uyole pale ni njia panda, ukinyoosha unaenda Mbeya mjini mpaka Tunduma, ukikata kushoto unaenda Tukuyu, Kyela, mpaka Kasumulu mpakani na Malawi. Barabara kwanza inapanda kwenye mashamba ya viazi na ukungu ambao dereva sijui alikua anaona nini, halafu inaanza kushuka, Kiwira migomba, migomba, migomba, mkono wa kushoto mlima Rungwe karibu mita 3,000 umejifunika mawingu hutaki kuamini kuna mlima, na chai imepandwa mpaka mlimani imekatwa sawasawa utasema imenyolewa na kinyozi. Huko kote kijani ni mvua. Tukuyu inanyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Mombasa yetu na mafuriko yake yote inapata kama nusu ya hiyo.

Shule ni ya binafsi, inglish midiamu kama wanavoita, jina lake silitaji. Mkurugenzi alikua anashughulikia mambo ya kibali, manake raia wa nje hata awe jirani wa Afrika Mashariki kufundisha huku lazima kibali cha kazi na kile cha kuishi daraja B, ukikamatwa huna ni shida yako na ya shule. Hiyo sehemu ni makaratasi na kusubiri na kuulizwa picha za pasipoti kila wakati, sina la kusimulia.

La kusimulia ni darasa. Nilipewa beibi klasi, watoto wa miaka mitatu mpaka minne, na getini kuna kibao kimeandikwa hapa tunaongea kiingereza tu. Wazazi wanataka hivo, na nawaelewa, manake shule za msingi za serikali zinafundisha kwa kiswahili kiingereza ni somo tu, halafu mtoto akifika fom wani kila kitu kinageuka kiingereza kwa siku moja, baiolojia, hesabu, kila kitu. Kwa hivo mwenye uwezo anamuanzisha mapema, na wengine uwezo wenyewe ni parachichi, zikiuzwa ada inalipwa, zikidoda mtoto anarudi nyumbani kidogo. Na mwalimu Mkenya kwao ni kama muhuri, wakiskia kuna Madam Mkenya wanajua kiingereza kimefika. Hakuna aliyeuliza hata nilipata ngapi kwenye mtihani.

Sasa mtoto wa miaka mitatu anaamka nyumbani na bibi yake wanaongea kinyakyusa, anacheza na majirani kwa kiswahili, analetwa kwangu na bajaji alfajiri kwenye ukungu kaloa, na mimi nimesimama mbele naambiwa nimuongeleshe kiingereza tu. Sikubaliani nayo hiyo sheria, sikubaliani nayo mpaka leo. Mtoto analia tumbo linamuuma wewe unamuuliza wots za mata? Atakujibu nini?

Na vitabu tulivokua navyo. A ni apo, picha ya tufaha jekundu linang'aa, I ni nyumba ya barafu ya watu wa huko ncha ya dunia. Mtoto wa Rungwe kwenye begi lake ana parachichi kubwa kuliko ngumi yangu, kapewa na bibi ale saa nne, sisi tunamuonyesha tufaha. Nikatoa parachichi la mmoja wao nikaliweka mezani, A, avocado. Wote wakageuka, manake hiyo wanaijua mpaka mti wake. B, banana, dirishani migomba imejaa tunaionyesha kwa kidole. T, tea, mmoja akasimama akasema baba yake anachuma hiyo. Kile kiwimbo cha kuifukuza mvua iende zake irudi siku nyingine nilikiacha kabisa, hapa mahindi na chai na ndizi vinakula mvua hiyo hiyo, bibi akimskia mjukuu anaifukuza mvua shuleni ataniita kikao.

Halafu L na R. Watoto wengi pale hizo mbili kwao ni kitu kimoja. Nainua penseli nyekundu, wots dis kala, darasa zima kwa nguvu zote: led! Nasema red, wanasema led. Nikawafundisha kunguruma kama pikipiki ya bodaboda inapanda kilima, rrrr rrrr, watoto wakafurahi wakanguruma mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia, nikainua tena penseli: rrrr led! Nikacheka nikaacha hiyo siku.

Sentensi ya kwanza ya kila mtoto wa chekechea, iwe Likoni au Tukuyu, ni may I go out. Hiyo hata huifundishi, wanaiokota wenyewe kwa wakubwa. Nilikua na kijana mmoja anakaa karibu na dirisha, mpole, tangu aje hajafungua mdomo, kiingereza wala kiswahili, anakuangalia tu na sweta lake lenye harufu ya moshi. Wote wana harufu hiyo, nguo huku hazikauki nje, zinaanikwa juu ya mafiga usiku, kwa hivo darasa langu asubuhi linanuka moshi na maziwa, nimeizoea mpaka naipenda. Siku hiyo mpishi alichelewa na uji, ndoo ikapita dirishani ikaanza na darasa la wakubwa. Kijana akasimama mkono juu. Teacher may I go out. Nikamwambia haya go. Haendi. Amesimama anaifuata ndoo kwa macho mpaka imepotea. Akasema tena, pole pole: teacher, may I go out uji.

Darasa zima likadaka. May I go out uji! May I go out uji!

Nikaona hapa ndo kiingereza kimeanza. Hapo hapo nikawapa I want uji, kila mtu akaisema akiwa na kikombe mkononi, mwenye kusema anamiminiwa, na hakuna aliyenyimwa manake hakuna aliyekosea. Ikafuata I want maji, I want sweta, I want mama, hiyo ya mwisho ilikua na kilio. Mwalimu wa jirani akaniambia dada uji sio kiingereza, ni porridge, mkurugenzi akisikia je? Nikamwambia porridge itakuja dada, kwanza mtoto ajue kwamba ukisema kitu unakipata. Ikaja kweli, bila mimi kuisukuma sana, wakawa wanasahihishana wenyewe kwenye foleni, na wana ukali huo, mtoto wa miaka minne akikusahihisha unaweza ukajiuzulu.

Maisha ya nje ya shule yalinichukua muda zaidi kuliko darasa. Nazi hakuna, ikiwepo bei yake ni ya dhahabu na imezeeka, mboga zinaungwa karanga, ndizi zinapikwa na maharage, na wali wa Kyela ule ukiupika jirani anajua unapika nini kabla hujamkaribisha, huo sina ubishi, umeushinda wa kwetu. Samaki wanatoka ziwa Nyasa, mbasa, ukiwakaanga na ndimu unajisahau. Mama mwenye nyumba wangu alinifundisha kuishi na jiko la mkaa, alikua mkali kwenye hilo, jiko likiwa ndani mlango wazi, na kulala nalo ni mwiko, moshi wake hauuoni na unaua. Kila jioni alikua anapita kuangalia jiko langu liko wapi. Akinikuta nimejikunja na vitenge viwili na sweta na soksi anasema pole Mkenya, hii bado, subiri mwezi wa sita. Alikua anasema kweli. Mwezi wa sita na wa saba nilikua naoga saa saba mchana, na kwa maji ya moto.

Kusalimiana nako. Wasichana wadogo wanapiga magoti barabarani kwenye tope wakikusalimia, mimi mwanzo nikawa nawainua, jamani sare, mama yako atafua na haitakauka. Mama mwenye nyumba akaniambia waache, ukimuinua unamkatisha. Bas nikawa nasimama napokea mpaka mwisho, na mimi nikijifunza ndaga na ugonile, maneno ya kinyakyusa ya kushukuru na kusalimia, sokoni ukisema ndaga kwa lafudhi ya Mombasa wanacheka halafu wanakuongezea ndizi.

Karibu na kufunga muhula mkurugenzi akaja kukaa nyuma ya darasa na daftari. Nikawaza leo ndo leo, manake kibao cha getini kinasema kimoja na mimi nasema kiswahili mara moja halafu kiingereza mara tano. Watoto wakafanya yao, avocado, banana, rrrred, tena siku hiyo wawili watatu walitoa R yenyewe, na yule wa dirishani akamwendea mkurugenzi kabisa akamshika koti akamwambia I want this. Koti lilikua kavu na zito, sweta lake yeye lilikua limeloa mpaka mabegani. Mkurugenzi akalivua akamfunika, akakaa na shati.

Baadaye akaniita ofisini, mambo ya kuchanganya lugha hakuyataja, akaniuliza Madam unahitaji nini darasani tukuagizie, kalamu ishaandaliwa, nikaona anasubiri chati za ukutani na vitabu vya hadithi. Nikamwambia misumari na kamba tutundike sweta, karai la mkaa liwekwe varandani asubuhi zikauke, na ndoo ya pili ya uji beibi klasi wasisubiri wakubwa. Akaandika misumari, akaandika kamba, kwenye ndoo ya uji akasimamisha kalamu akaanza kunipigia hesabu ya unga. Misumari ilikuja wiki iliyofuata. Ndoo bado tunabishana.