Ukuta wa Fimbo Moja
Jana jioni hapa Mikindani nilimwona binti wa jirani akiushika mpini wa ufagio kati ya wenzake wawili waliokuwa wakiigiza wachumba, akawaambia kwamba huo ndio ukuta, nami nikaikumbuka The Fantasticks, tamthilia ya nyimbo niipendayo kuliko zote. Humo baba wawili majirani hujifanya wamegombana na kujenga ukuta, wakijua fika kwamba vijana wakikatazwa ndipo hupendana. Na ukuta wenyewe ni fimbo iliyoshikwa na mwigizaji asiyesema neno. Ilianza New York tarehe 3 Mei 1960, katika ukumbi mdogo, kwa piano na kinubi, ikaendelea hadi Januari 2002, baada ya maonyesho 17,162. Wanaodai kwamba jukwaa bila mapambo ghali halifai, nawaomba waitazame fimbo ile.