Milimita sita: siku yangu kwenye maabara ya vimelea

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijakaa, nafungua inkubeta, kabati la joto ninamooteshea bakteria kwenye sahani. Harufu ndiyo hunipokea kwanza. Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas ananukia utamu kama zabibu, na ukishamzoea unamjua kabla ya kuinua mfuniko. Leo hayupo.

Sahani niliyoiwaza usiku kucha ni ya mgonjwa wa kitanda cha tatu, wodi ya mahututi. Damu yake ilichukuliwa Jumatatu asubuhi. Usiku mashine ikalia kwamba kuna kitu kinaota chupani. Jumanne tukapaka rangi, tukaona bakteria wenye umbo la vijiti vyekundu kwenye hadubini, tukaotesha. Jumatano vikatokea vikundi vya rangi ya waridi, vinene, vinavyovutika kama ute wa yai: Klebsiella. Nikampanda kwenye sahani mpya na kupanga juu yake visahani vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Leo ni Alhamisi.

Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hawaoti karibu nayo, panabaki duara safi. Napima kwa rula nyuma ya sahani. Seftriaksoni: 6. Siprofloksasini: 6. Gentamisini: 6. Meropenemu: 6.

Asiyejua atadhani hizo ni milimita sita za matumaini. Sita ni upana wa karatasi yenyewe. Bakteria wameota mpaka ukingoni mwake, kana kwamba dawa haipo.

Saa 2:10. Jibu la namna hii halisubiri fomu. Napiga simu wodini.

“Dokta, kitanda cha tatu. Klebsiella kwenye damu, sugu kwa meropenemu. Naomba unirudie.”

Anarudia neno kwa neno, ndiyo kanuni yetu ya majibu ya simu. Kisha kimya kidogo. “Yuko kwenye meropenemu tangu juzi.”

Simlaumu hata kidogo. Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kukaa anasubiri sahani zangu. Daktari huanza na dawa anayodhani itafaa, halafu anabadilisha nikimpa jibu. Tatizo ni mwendo wangu. Bakteria wa jamii hii, akiwa kwenye joto na chakula cha kutosha, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Akianza mmoja sahanini, baada ya saa nane wanaweza kuwa zaidi ya milioni 16. Mwilini hapati raha kama hiyo, kinga inampiga vita, lakini mimi bado nahitaji siku tatu kumjua jina na tabia. Zipo mashine zinazotaja jina kwa dakika, na nyingine zinazosaka jeni za usugu kwa saa moja hivi. Hapa hatunazo. Tuna sahani, rula na macho.

Saa 3. Nakataa sampuli mbili za mkojo zilizokaa mezani wodini tangu usiku. Naitwa mkorofi. Mkojo uliokaa kwenye joto huotesha kila kitu, na mtu anaweza kutibiwa ugonjwa uliozaliwa ndani ya kichupa.

Saa 4:15. Sasa nataka kujua huyu Klebsiella anaishindaje meropenemu. Kipimo chake ni rahisi mpaka kinanifurahisha. Nachota bakteria kidogo, nawakoroga kwenye kijibomba chenye mchuzi wa kuoteshea, natumbukiza humo kisahani cha meropenemu, narudisha kwenye joto kwa saa nne. Kama ana kimeng'enya cha kuikata dawa hiyo, ataimaliza yote iliyomo kwenye karatasi. Baadaye naichukua karatasi na kuiweka juu ya bakteria mwingine, E. coli dhaifu anayeuawa kirahisi. Huyo dhaifu akiota mpaka kwenye karatasi, basi dawa imekwisha kuliwa.

Vimeng'enya hivi viko vya aina nyingi. Kimoja kinachosumbua sana, NDM-1, kilitambuliwa kwa mgonjwa aliyelazwa Sweden mwaka 2008 baada ya kutibiwa India. Kibaya zaidi, jeni yake mara nyingi hukaa kwenye kiduara cha DNA ambacho bakteria humpa jirani yake, hata jirani wa aina nyingine kabisa. Yaani Klebsiella anaweza kumfundisha E. coli ujanja huu bila yeyote kati yao kuwahi kukutana na meropenemu.

Saa 5. Nateremka wodini na muuguzi wa udhibiti wa maambukizi. Kitanda cha tatu kimehamishiwa chumba cha peke yake, na mlangoni kuna gauni na glavu. Tunachukua vijiti vya sampuli kwa majirani wake wanne, njia ya haja kubwa, kwa sababu huko ndiko Klebsiella hujificha kimyakimya. Mtu anaweza kumbeba wiki nyingi bila homa wala maumivu. Kubeba si kuugua, ila mbebaji akiwekewa mpira wa mkojo au wa mshipani, mlango umefunguliwa.

Nachukua pia sampuli ya tundu la sinki. Watu hucheka. Bomba la maji machafu lina utelezi ndani, na bakteria hawa hujenga humo. Maji yakimwagwa kwa nguvu, matone huruka hadi kwenye trei ya dawa iliyowekwa kando.

Nimesimama robo saa nikitazama mikono. Muuguzi mmoja yuko na wagonjwa saba. Ananawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, bila kukosa. Anachosahau ni kupaka kitakasa baada ya kushika kitanda na kidude cha dripu. Ningekuwa na saba, ningesahau zaidi.

Kwenye korido, binti wa mgonjwa ananisimamisha. “Dada, eti baba mwili wake umezoea dawa? Maana nyumbani alikuwa hanywi hata za kichwa.”

Majibu ya mgonjwa si yangu kuyatoa, nampeleka kwa dokta. Lakini hilo moja namjibu. Mwili wa baba yako haujazoea chochote. Waliozoea ni wadudu, na inawezekana walifika kwake wakiwa wameshazoea. Ananitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nadhani alikuwa anamlaumu mzee.

Saa 7 mchana. Nakula nimesimama.

Saa 8:15. Saa nne zimetimia. Nakitoa kisahani kwa koleo, nakilaza juu ya E. coli, nafunga. Kesho.

Saa 9. Kikao kifupi na dokta na mfamasia. Shirika la Afya Duniani limegawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumia kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Tumefika kwenye akiba. Kolistini ni dawa ya zamani, iliwekwa kando kwa kuumiza figo, ikarudishwa kwa kukosa mbadala. Figo za mgonjwa huyu tayari zimechoka. Mfamasia anakokotoa dozi mara mbili, dokta anauliza kama nimeipima kwa kisahani. Sijaipima, na sitaipima hivyo: molekuli yake ni kubwa, haisambai vizuri kwenye agari, kile chakula kigumu cha bakteria sahanini, duara lake linadanganya. Lazima niipime kwa vishimo vya mchuzi, dawa ikipunguzwa nusu kwa nusu. Hilo nalo ni usiku mzima. Wanaamua kuanza leo bila kunisubiri. Ningekuwa wao, ningeamua vilevile.

Saa 10:40 jioni. Napanga vishimo, mashine ya damu inalia. Chupa ya mgonjwa wa kitanda cha tano, mmoja wa wale majirani wanne. Natengeneza kioo, napaka rangi, nainama kwenye hadubini.

Vijiti vyekundu.

Vinaweza kuwa vya bakteria yeyote kati ya kadhaa. Napiga simu, nasema nilichoona na nisichokijua bado. “Narudia,” anasema dokta, bila kuombwa safari hii.

Saa 11:30. Naandika kwenye daftari la zamu: kitanda cha tano, imeoteshwa saa 11:05. Naweka sahani yake kwenye rafu ya juu, karibu na mlango, ili kesho iwe ya kwanza kuonekana.